KUNYAMAZA SI KUPONA



Kwa desturi ukurasa wetu wa usalama na afya unasema juu ya kaske, miwani, vumbi, malaria na maji safi. Mara hii nataka tuzungumze juu ya jambo lisilopatikana katika magazini ya vifaa, lakini linaweza kuua kama vile jiwe linavyoua. Jambo hilo ni namna kila mmoja wetu anavyowaonyesha wenzake yaliyo moyoni mwake: heshima, huruma, hasira, haya, shukrani na uchungu. Kila mtu alianza kujifunza hayo tangu mgongoni mwa mama yake. Kwa sababu hiyo hafikiri kama kuna namna nyingine, na hapo ndipo hatari inapoingia.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana si vizuri munganga kuhubiri makosa ya wengine na kuficha yake.

Watu wawili juu ya benchi moja

Ilikuwa siku ya Jumamosi, saa nane ya mchana, wakati ekipi moja inatoka na nyingine inaingia. Nilikuwa peke yangu katika dispansere niliyofanyia kazi zamani. Wakaingia watu wawili kwa pamoja. Wa kwanza alikuwa kijana ambaye kidole chake kilibanwa na bomba la chuma. Alilia kwa sauti, akamwita mama yake, akanishika mkono wa bluzi, akasema anakufa. Wa pili alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na kitu. Alivua kofia, akaiweka juu ya magoti, akanisalimu kwa kupiga makofi polepole kama wanavyosalimu watu wa kwao, akaniuliza habari za nyumbani kwangu. Nikajibu, kisha nikamwuliza:

— Una nini, baba?

— Siyo kitu kikubwa, munganga. Chuma kimenigonga ubavuni.

— Unasikia maumivu?

— Kidogo tu.

Nikaandika katika kitabu: «maumivu kidogo». Nikamwambia angoje. Nikaenda kwa kijana, nikaosha kidole, nikakifunga, nikampiga sindano, nikamtuliza. Kazi hiyo ilinichukua karibu dakika 40. Niliporudi kwenye benchi, yule baba alikuwa bado ameketi vile vile, kofia juu ya magoti. Lakini jasho la baridi lilikuwa linamtoka usoni na midomo yake imekuwa myeupe. Nilipomshika mkono, nikahesabu mapigo 124 kwa dakika. Tansio ilikuwa imeshuka mpaka 8 kwa 5. Nikamwuliza tena panapomwuma. Akanionyesha bega la kushoto, ambalo halikuguswa na kitu chochote.

Kila munganga anafundishwa shuleni maana ya dalili hiyo. Mtu akigongwa kwa nguvu katika mbavu za kushoto, bandama inaweza kupasuka. Damu inaingia tumboni, inachokoza sehemu ya chini ya pazia la pumzi, na maumivu yanajitokeza begani. Nje hakuna jeraha, hakuna tone la damu. Mtu anaisha polepole huku ameketi kwa adabu.

Mungu alisaidia, gari ya wagonjwa ilikuwa karibu. Alipasuliwa usiku ule ule, bandama ikaondolewa, akapona. Lakini zile dakika 40 sijazisahau mpaka leo.

Baada ya majuma mengi akaja kunishukuru. Akainama, akapiga makofi tena. Mimi niliyestahili kuomba radhi ndiye niliyeshukuriwa! Nikamwuliza: «Baba, kwa nini hukuniambia siku ile kama unaumwa sana?» Akanijibu hivi:

«Munganga, yule alikuwa mtoto, na alikuwa analia. Mtu mzima hawezi kumnyang'anya mtoto nafasi. Na tena niliona uko peke yako na kazi nyingi. Nilikuhurumia.»

Sikilizeni vizuri maneno hayo. Kumbe kunyamaza kwake hakukuwa dalili ya afya. Kulikuwa huruma kwa yule kijana, na huruma kwangu mimi. Alikuwa anasema nami kwa lugha ya kwao, na mimi nikaisoma kwa lugha ya kwetu. Kwetu, mtu anayeumwa anasema. Asiyesema haumwi.

Katanga ni nyumba ya watu wengi

Tusishangae kama jambo hili linatupata sisi zaidi kuliko wengine. Kampani ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906, na mji wa Lubumbashi ukaanza mwaka 1910. Watu wa hapa hawakutosha kwa kazi, wengine hawakuitaka. Basi wakaletwa wafanyakazi kutoka Kasai, kutoka Ruanda-Urundi, na kutoka Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Waliwekwa katika kambi moja, ukuta kwa ukuta, na Kiswahili kikawa lugha ya kazi na ya jirani.

Siku hizi watu wamezidi kuwa wengi. Katika karieri moja unaweza kukuta Baluba, Balunda, Babemba, Basanga, Batchokwe, ndugu wa Kasai na wa Kivu, pamoja na Wachina, Wazungu na watu wa Afrika Kusini. Kiswahili kinatusaidia kusikilizana kwa maneno. Lakini macho, mikono, kilio na kicheko, kila mtu amekuja navyo kutoka kwao.

Maumivu ni mamoja, njia za kuyaonyesha ni nyingi

Jambo hili limechunguzwa na wataalamu tangu zamani. Mwaka 1952, mtaalamu Mark Zborowski alitangaza uchunguzi alioufanya katika hospitali moja ya askari wa zamani kule Bronx, katika mji wa New York. Aliangalia wagonjwa wenye asili mbalimbali. Wale wa asili ya Italia na Wayahudi walilia na kulalamika bila haya mbele ya watu. Wale ambao jamaa zao walikaa Marekani tangu vizazi vingi walieleza maumivu yao kwa utulivu, kama mtu anayetoa ripoti, na wakizidiwa walipenda kuwa peke yao.

Tena akagundua neno jingine. Hata wale waliolia sawasawa, sababu zao zilitofautiana. Mwitalia alitaka maumivu yaishe sasa hivi, akipewa dawa anatulia. Myahudi alihangaika juu ya ugonjwa wenyewe: utanifanya nini kesho, na jamaa yangu itakuwaje? Basi daktari aliyedhani kwamba kilio ni kilio tu, alikosea mara mbili.

Wataalamu wengine, katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 1972, waliwaonyesha wanafunzi wa Japani na wa Marekani sinema zenye mambo ya kutisha. Walipoangalia peke yao, nyuso zao zilifanana. Lakini mkubwa wa uchunguzi alipoketi nao chumbani, Wajapani wengi waliyafunika yale yanayowachukiza kwa tabasamu. Moyo ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni kuwapo kwa mtu mwingine.

Hata karibu nasi tuna mafundisho ya namna hiyo. Wanyarwanda wana msemo kwamba machozi ya mwanaume hutiririka yakienda tumboni. Kila nilipokumbuka msemo huo, nilimfikiri yule baba wa benchi. Kwake yeye siyo machozi tu yaliyokwenda tumboni. Damu pia.

Lakini angalieni! Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba watu wa kabila fulani wanalia na wa kabila fulani wananyamaza. Ndiyo sababu sikutaja kabila la yule baba wala la yule kijana. Katika kabila lako mwenyewe kuna mwenye makelele na mwenye ukimya, na ndani ya nyumba moja watoto wa mama mmoja hawafanani. Anayesema «hawa ndiyo tabia yao» ameacha kuangalia. Mimi nataka tuangalie zaidi.

Macho chini na neno «ndiyo»

Tutoke sasa dispansere, twende kazini. Wengi wetu tulifundishwa kwamba mtoto asimkazie mkubwa macho. Mkubwa akisema, unatazama chini, unajibu «ndiyo», unapokea kitu kwa mikono miwili. Hiyo ndiyo heshima.

Lakini shefu aliyelelewa Ulaya alifundishwa kinyume. Kwao mtu asiyekutazama machoni anaonekana kama anaficha kitu, au hasikilizi. Basi shefu anaeleza kazi, mfanyakazi anatazama chini kwa heshima, na shefu anakasirika: «Huyu hanisikilizi!» Anapaza sauti. Mfanyakazi anazidi kutazama chini. Wote wawili wana nia njema, na kila mmoja anamwona mwenzake hana adabu.

Hatari kubwa iko katika neno «ndiyo». Tufikiri juu ya mfano huu. Shefu anamwambia fundi kijana: kabla ya kusafisha mkanda wa mawe, kata umeme kwenye kabati la pili, tia kufuli lako, weka ufunguo mfukoni. Kisha anamwuliza: «Umesikia?» Kijana anajibu: «Ndiyo, shefu.» Lakini hakusikia kama ni kabati la pili au la tatu. Kwa nini anasema ndiyo? Kwa sababu «hapana» mbele ya mkubwa inafanana na kumwambia: wewe hujui kueleza. Ile «ndiyo» maana yake ni «nakuheshimu». Shefu anaichukua kama «nimefahamu». Tofauti ya maneno hayo mawili inatosha kumkata mtu mkono.

Dawa yake ni rahisi na haina gharama. Shefu asiulize «umesikia?» Aseme: «Nirudishie maneno yangu, nijue kama nimeeleza vizuri.» Hapo mzigo uko juu ya shefu, siyo juu ya mfanyakazi. Kijana anaweza kurudisha maneno bila kuvunja heshima, na kosa linaonekana kabla mkanda haujazunguka.

Filimbi haina mkwe

Kuna heshima nyingine yenye nguvu zaidi, heshima ya ukwe. Kwa Babemba, kwa Baluba na kwa watu wengine wengi, mkwe anajitenga na wakwe zake, zaidi sana mama mkwe. Hamtazami machoni, hali chakula mbele yake, na akikutana naye njiani anapisha. Baba mkwe pia hapigiwi kelele kama rafiki. Hiyo siyo chuki. Ni heshima na upendo vilivyowekewa ua ili nyumba ya binti isivunjike.

Mzee mmoja fundi wa karakana alinisimulia jambo lililompata. Katika ekipi yake alifanya kazi kijana aliyemwoa binti yake. Siku moja mzee aliinama kuokota bulo, na juu yake kulikuwa mzigo umening'inia kwenye mnyororo. Mnyororo ukaanza kuteleza. Kijana akaona kwanza. Lakini ulimi wake ukakataa. Jina la baba mkwe hawezi kuliita, na kumfokea «Toka!» hawezi. Akafanya kama desturi inavyotaka, akamgeukia mwenzake: «Mwambie baba asogee!» Mwenzake akapiga kelele, mzee akaruka, mzigo ukaanguka pale aliposimama. Ule mzunguko wa maneno ulichukua labda sekunde 2. Mara hii zilitosha.

Wengine wakasikia habari hiyo wakacheka, wakasema kijana ni mjinga. Mimi sikucheka. Kijana alifanya kile alichofundishwa kuwa ndiyo mapendo kwa baba wa mke wake. Na mzee hakumkaripia. Asubuhi ya Jumatatu, katika yale mazungumzo ya dakika tano kabla ya kazi, mzee alisimama mbele ya ekipi nzima akasema: «Mwanangu, nyumbani heshima ni ile ile. Hapa kazini nimekufungua kinywa. Ukiona hatari, niite hata kwa jina.»

Tazameni akili ya mzee huyo. Hakutupa desturi, alitumia desturi yenyewe. Maana kwa Babemba mkwe hakai nje ya ua milele. Anafunguliwa polepole kwa vyakula na zawadi, mpaka siku ya kuingizwa kabisa kwa wakwe zake, sherehe wanayoita ukwingisha. Yaani wazee wa zamani walijua kwamba katazo linaweza kufunguliwa na mwenye haki ya kulifungua.

Tangu siku ile ekipi yao iliongeza kitu kimoja: filimbi shingoni mwa kila mtu. Filimbi siyo neno. Mkwe akiipiga hakumtukana mtu, kijana akiipiga hakumwamuru mzee. Wanasema kwa kucheka: «Filimbi haina mkwe.»

Mtani ana ruhusa, mashini haina

Tuliona heshima inayofunga kinywa. Kuna mapendo mengine yanayofungua kinywa kupita kiasi, nayo ni utani. Mwaka 1937, mama Audrey Richards, mtaalamu Mwingereza, aliandika juu ya koo za Babemba zinazotaniana. Watu wa ukoo wa mamba wanataniana na watu wa ukoo wa samaki, kwa maana mamba anakula samaki. Wanatukanana kwa kicheko, wala hakuna anayekasirika. Na siku ya msiba ni watani wanaosaidia kuzika. Kule Luanshya, katika migodi ya shaba ya jirani zetu, J. Clyde Mitchell alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1956 kwamba hata makabila yasiyojuana zamani yalianza kutaniana mjini. Utani uliwasaidia wageni kukaa pamoja bila kupigana.

Basi, mfanyakazi mgeni anapomsikia mtu anamwambia mfiwa maneno makali mbele ya maiti, anaweza kufikiri ni tusi la ajabu na kutaka kupigana. Ndugu, uliza kwanza. Pengine huyo anayetukana ndiye atakayechimba kaburi, na yale maneno yake yamemfanya mjane atabasamu mara ya kwanza tangu siku tatu.

Lakini wenye utani nao wana wajibu wao. Kwanza, usimtanie mtu ambaye watu wake hawana utani na wako. Yeye atasikia tusi tu. Pili, utani ni wa mdomo. Kuficha kaske ya mtani, kumshtua karibu na mashini, kumwondolea kufuli lake la usalama, huo siyo utani. Mtani ana ruhusa, mashini haina.

Tabasamu na makelele

Wengi wameniuliza juu ya wenzetu Wachina. Mmoja alisema: «Nilimwambia kwamba pampu imeharibika, akacheka. Ananidharau.» Nilimwomba afikiri tena. Kwa watu wengi wa Asia ya Mashariki, tabasamu au kicheko kidogo mara nyingi kinafunika haya au wasiwasi, ili mwenzako asibebe uzito. Kumbuka wale wanafunzi wa Japani. Na sisi wenyewe je? Mtu akijikwaa mbele ya watu, mara ngapi yeye mwenyewe anacheka kwanza?

Kwa upande mwingine, Mchina naye anatuona sisi tunazungumza kwa sauti kubwa na mikono mirefu, akafikiri tunagombana, kumbe tunaulizana habari za watoto.

Kuna neno moja ambalo nimeliona kwa wote bila tofauti. Hakuna anayependa kuaibishwa mbele ya wengine. Wachina wanasema mtu huyo amepoteza uso. Sisi tunasema amevuliwa nguo mbele ya watoto. Shefu kijana anayemfokea mzee mbele ya ekipi anafikiri ameonyesha ukali wa kazi. Kwa kweli amefundisha ekipi nzima kuficha makosa. Kesho mtu akivunja kitu hatasema, na kitu kilichovunjika bila kusemwa ndicho kinachoua. Kama kuna hatari ya sasa hivi, paza sauti bila kungoja. Kama hatari imepita, mwite mtu pembeni.

Baada ya kilio

Neno la mwisho ni juu ya kilio. Kwetu mtu akifiwa, jirani wanakuja, akina mama wanalia kwa sauti, wanaume wanakaa nje kando ya moto, watu wanalala pale pale. Asiyefika anaulizwa: moyo wake una nini? Wageni wengi wa Ulaya wanafanya kinyume. Wanamwachia mfiwa utulivu, wanaandika barua fupi, wanaogopa kumsumbua. Mfanyakazi anasema: «Shefu hakuja hata dakika tano, hana moyo.» Shefu naye anasema: «Sikutaka kuingilia uchungu wake.» Wote wawili walikuwa na huruma, lakini hazikukutana njiani.

Kwa upande wa usalama, mimi nawaomba jambo moja. Mtu aliyetoka kwenye kilio hakulala usiku mbili au tatu. Macho yake yako wazi lakini kichwa chake kimelala. Asiendeshe kamyo wala kreni siku hiyo. Wengine wananyamaza kwa sababu mwanaume hasemi kuwa amechoka kwa uchungu. Basi wewe mwenzake, umsemee kwa shefu, kwa upole na bila kumwaibisha.

Tufanye nini?

1. Kila mtu aliyegongwa tumboni, mbavuni au kichwani sherti afike dispansere siku ile ile, hata akisema «kidogo tu». Asipewe chakula wala kinywaji mpaka aangaliwe. Asiachwe peke yake, asirudi nyumbani kwa mguu.

2. Munganga na waokoaji: anza na anayenyamaza. Anayelia anapumua, hilo umekwisha kulijua. Hesabu mapigo ya wote (mtu mzima aliyetulia ana 60 mpaka 100 kwa dakika) na pumzi (12 mpaka 20). Tazama jasho la baridi, midomo, macho. Pima tansio, kisha rudia baada ya dakika chache, maana mwili wenye nguvu unaweza kuficha damu inayopotea kwa muda.

3. Usiulize tu «unaumwa?» Uliza: «Kati ya 0 na 10, maumivu yako ni ngapi?» Mtu anayeona haya kulia hana haya kutaja hesabu. Tena uliza: «Nyumbani mke wako angekuona hivi, angesema nini?» Swali hilo limenisaidia zaidi ya mara moja.

4. Shefu, omba mfanyakazi akurudishie maneno ya kazi. Neno «ndiyo» peke yake halitoshi.

5. Mkikuwa na mkwe, mzee au jamaa wa heshima ndani ya ekipi, fungueni vinywa mapema, mbele ya watu, kabla ya hatari kufika. Na kila mtu awe na filimbi.

6. Ukiona mwenzako wa kabila au nchi nyingine amefanya neno lililokuumiza, mwulize kwanza: «Kwenu hilo maana yake nini?» Uliza kwa sauti ya kutaka kujua, siyo ya kutafuta vita.

7. Mtu aliyeondolewa bandama sherti awaambie waganga kila anapopimwa. Apewe chanjo zake, na akipata homa, hata ndogo, afike dispansere saa ile ile asingoje kesho, maana mwili wake umepoteza askari mmoja.

Wapenzi wasomaji, yule baba bado ninamfikiri kila ninapofungua mlango wa dispansere asubuhi. Siku hizi, nikikuta watu wawili juu ya benchi, mmoja analia na mwingine ananisalimu vizuri na kuniuliza habari za watoto wangu, nachukua kwanza mkono wa yule anayenisalimu. Ninamjibu salamu yake yote, kama inavyofaa. Lakini vidole vyangu viko juu ya mshipa wake, ninahesabu.

Usalama kwanza! Na tuulizane.